Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa apimwe na figo

Mzazi, kama mtoto wako alizaliwa bila tundu la haja kubwa, huenda unaona kazi imekwisha pale daktari alipomfungulia njia ya choo tumboni. Tumbo limeshuka, mtoto ananyonya, mnajiandaa kurudi Nyarugusu, Kahama au Mwakitolyo. Kabla ya kuondoka wodini, uliza swali moja: figo zake zimeangaliwa?

Tatizo hili humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Si laana, si mkono wa mtu, wala si kosa la mama. Huanza wiki za mwanzo za ujauzito, wakati njia ya haja kubwa na njia ya mkojo bado ni chumba kimoja kinachotakiwa kugawanyika. Kwa kuwa huumbwa pamoja, hitilafu ya upande mmoja mara nyingi hugusa na wa pili. Takriban theluthi moja ya watoto hawa, au zaidi, wana kasoro pia kwenye mfumo wa mkojo: figo moja tu, figo iliyovimba kwa mkojo uliokwama, au mkojo unaotoka kwenye kibofu na kurudi juu kwenye figo.

Figo huharibika kimyakimya. Mtoto anapata homa na huku kwetu homa huitwa malaria. Anapewa dawa, wiki mbili baadaye homa imerudi. Kumbe ni UTI, na kila inapofika kwenye figo inaweza kuacha kovu lisilofutika.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya figo na kibofu. Haiumi wala haina mionzi. Ifanyike siku za mwanzo, kisha irudiwe baada ya wiki chache, maana kichanga wa siku moja au mbili hutoa mkojo kidogo na uvimbe unaweza usionekane. Kasoro ikionekana, au UTI ikijirudia, daktari ataomba eksirei maalumu ya kibofu, inayopigwa mtoto akikojoa. Moyo na uti wa mgongo navyo viangaliwe. Kama hospitali yenu haina huduma hizi, ombeni rufaa. Mojawapo ya hospitali za rufaa za Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza.

Najua wanaofuata dhahabu huhama mara kwa mara. Hameni na karatasi za hospitali. Kila kituo mtakachofika, hata kwa mafua, semeni: "Mtoto huyu alizaliwa bila njia ya haja kubwa." Akiwa na homa, ombeni mkojo upimwe pamoja na malaria.

Wahini hospitali mkiona mkojo unatoka kwa matone, una kinyesi ndani yake au umepungua sana, uso unavimba, anatapika mara kwa mara au haongezeki uzito.

Njia ya haja kubwa inaweza kutengenezwa baadaye. Figo iliyokufa haitengenezwi.