Kasese Ipimwe kwa Mizani Ipi?

Nafundisha hesabu Bwera, mji wa Wilaya ya Kasese, Uganda, karibu na mpaka wa Mpondwe, na nina tabia isiyopendwa na viongozi: nikionyeshwa mafanikio, nauliza yamegharimu nini.

Miji nayo hupimwa kwa swali hilo. Mwaka 1978 wataalamu watatu wa Marekani, Charnes, Cooper na Rhodes, walitoa njia ya kulinganisha kinachoingia na kinachotoka. Zinaingia fedha, ardhi, maji, nishati na nguvu za watu. Zinatoka ajira, shule, afya, mwanga majumbani. Wanaopata kingi kuliko wenzao kwa kidogo walicho nacho hupewa 1, na waliobaki nyuma hupimwa kwa kulinganishwa nao. Kwa hiyo Bwera haishindani na Kampala kwa maghorofa. Inaulizwa tu imefanya nini na ilichopewa.

Tazama umeme. Mwaka 2012 Wilaya ya Kasese, pamoja na shirika la WWF, iliahidi kwamba ifikapo 2020 kila mtu angetumia nishati jadidifu. Wilaya ilikuwa na kaya kama 134,000, na zenye umeme wa gridi hazikufika 8 katika kila 100. Mwaka 2020 ulifika, na kuni na makaa vikawa bado vinapika posho. Anayepima kwa ahadi atasema wameshindwa. Mimi ningehesabu kwanza nyumba zilizotupa tadoba zikawasha taa ya sola, kisha niulize kila taa ilikula shilingi ngapi.

Lakini hesabu hii ina tundu, na tundu lenyewe liko kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuifuata shaba, ambayo ilipelekwa kuyeyushwa Jinja. Mji uliopimwa enzi hizo ungeng'ara: ajira, nyumba za wafanyakazi, hospitali. Marundo ya masalia ya mgodi hayakuandikwa popote. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, marundo yakabaki kando ya Mto Nyamwamba, na mto ukawa unayamega. Ulipofurika 2013, na tena 2020 ulipoiharibu Hospitali ya Kilembe, hakuna daftari la shaba lililofunguliwa upya.

Siku hizi wapimaji wengine huongeza safu ya tatu, ya mabaya yanayozalishwa pamoja na mazuri. Kwa Kasese, safu hiyo ningeanza kuijaza mtoni, pale watu wanapochota maji.