Fedha za Masomo ya Juu: Mizani Iwe Moja kwa Wote

Katika Kenya, kuwakopesha wanafunzi si jambo geni. Mwaka 1952 Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo kwa wale waliokwenda kusoma nje ya Afrika ya Mashariki. Baada ya Uhuru wanafunzi waliongezeka, na mwaka 1974 ukaanzishwa mpango wa kuwakopesha wale wa vyuo vikuu. Walakini wengi waliudhania mkopo kuwa ni zawadi, wala hawakuurudisha. Ndipo mwaka 1995 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kwa jina la HELB, ili ikopeshe na kukusanya madeni.

Kukopesha ni kazi. Kukopesha kwa haki ni kazi kubwa zaidi. Na watazamwe wazazi wawili. Wa kwanza ni karani. Mshahara wake umeandikwa katika karatasi, na kila shilingi yaonekana. Akihesabiwa kuwa ni mtu wa kujiweza hana la kukana, ijapokuwa mshahara huo huo unawalisha wazee wake na kuwasomesha wadogo zake. Wa pili ni mkulima mwenye ekari tatu za mahindi na ng'ombe wawili. Katika fomu yaonekana kuwa ana mali. Lakini mvua ikikosekana msimu mmoja, mavuno yake hayajazi magunia mawili. Tena yuko wa tatu, mchuuzi mwenye fedha nyingi zisizoandikwa popote. Huyu akisema kuwa ni maskini, nani atakayembisha?

Mwaka 2023 Serikali ilileta mpango mpya wa kupima hali ya kila jamaa, na mwaka 2024 wanafunzi wakagawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza, la wahitaji kabisa, lilipangiwa msaada usiolipwa wa asilimia 70 ya ada, mkopo asilimia 25, na jamaa kutoa asilimia 5. Kundi la tano lilipangiwa msaada asilimia 30, mkopo asilimia 30, na jamaa kutoa asilimia 40. Shabaha ilikuwa njema, kwani aliyepungukiwa ndiye wa kuongezewa. Lakini wengi walilalamika kuwa wametiwa katika kundi lisilo lao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mpango huo ulikuwa kinyume cha Katiba. Shauri hilo likapelekwa katika Mahakama ya Rufani.

Hapa pana mafunzo matatu. Kwanza, kipimo cha haki hakina budi kueleweka na yule apimwaye, naye awe na mahali pa kulalamika kabla chuo hakijafunguliwa. Pili, mzazi aandike kweli tupu katika fomu, kwani anayejifanya maskini hamdanganyi mwenye ofisi tu. Anamnyang'anya mtoto wa jirani yake. Tatu, aliyekopeshwa akapata kazi alipe. Fedha anazorudisha ndizo zinazomsomesha anayemfuata.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Na dawa ya manung'uniko ni mizani iliyo wazi, ambayo mkulima na karani waweza kuisoma sawasawa.