GHARAMA KWA RUFAA ZA JINAI ZISIZO NA MSINGI

Taratibu za jinai za Zanzibar zilirithi mengi kutoka sheria za Uingereza. Kwa sababu hiyo, yafaa watumishi wa Serikali na wananchi wafahamu namna rufaa zisizo na msingi zinavyoshughulikiwa huko. Ifahamike kwamba yanayoelezwa hapa ni sheria ya Uingereza na Wales, si ya Visiwani.

Huko, aliyetiwa hatiani katika Mahkama ya Taji ana siku 28 za kuomba ruhusa ya kukata rufaa. Maombi husomwa kwanza na jaji mmoja. Akiyakataa, muombaji bado ana haki ya kuyapeleka mbele ya jopo la majaji, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa. Chini ya Sheria ya Uendeshaji wa Mashtaka ya mwaka 1985, Mahkama ya Rufaa ikiyatupa maombi inaweza kumuamuru alipe gharama inazoona ni za haki.

Kwa mfungwa asiyekuwa na kitu, amri hiyo haina uzito. Iliyo nzito ni ile ya Sheria ya Rufaa za Jinai ya mwaka 1968: Mahkama inaweza kuamuru kwamba baadhi ya siku alizokaa gerezani akisubiri rufaa zisihesabiwe katika kifungo chake. Hata hivyo, kushindwa peke yake si kosa. Aliyekwisha kupewa ruhusa ya kukata rufaa hakatwi siku, hata rufaa yenyewe ikitupwa.

Hadi mwaka 1966 mahkama ya rufaa za jinai iliweza hata kumuongezea mrufani adhabu. Uwezo huo ulipoondolewa, maombi yalizidi mno, na mwaka 1970 Jaji Mkuu, Lord Parker, alitangaza kwamba siku zitakatwa. Maombi yakapungua kwa takriban nusu. Ni vigumu kuamini kwamba wote walionyamaza hawakuwa na hoja. Mfungwa asiye na wakili hawezi kila mara kuitambua hoja yake. Hata hivyo, mwaka 1987 Mahkama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la wafungwa wawili waliokatwa siku 28 na 56, haikuona kuwa haki zao zilivunjwa.

Mkaazi wa Visiwani mwenye shauri amuulize wakili au Msajili wa Mahkama kuhusu muda na masharti ya rufaa yanayotumika hapa, kabla muda huo haujapita.