Shingo inaluma, lakini ugonjwa ni wa kichwa

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mumeona jambo hili mara nyingi. Mutu anaingia katika dispensari, mukono mumoja uko juu ya shingo, na anasema: «Muganga, nililala vibaya.» Karibu wote wanasema vile. Tunamupa mafuta ya kusugua na kinini mbili, anarudia kazini. Majuma matatu yanapita, tunamuona tena, na mukono uko mahali pale pale.

Mimi ninayeandika hapa nilimupa dereva mumoja wa kamio kubwa ya machimbo mafuta yale mara ine, mbele ya kumuuliza neno moja: «Kisha shingo, ni nini inafuata?» Akajibu mbio, kama mutu aliyengojea ulizo lile tangu zamani. Kwanza shingo inakaza, na anapiga miayo hata kama hana usingizi. Kisha saa moja ao mbili, maumivu yanapanda nyuma ya sikio, yanakwenda kukaa nyuma ya jicho la kuume, yanapiga-piga kama moyo. Anatapika. Anataka giza na kimya. Akipanda ngazi mbili tu, kichwa kinazidi. Kesho yake mwili unakuwa sawa kitambaa kilichokamuliwa.

Mutu yule hakulala vibaya. Alikuwa na migrene. Wenye Kiswahili cha pwani wanaiita kipanda-uso, na ni jina zuri, ila linasahau shingo.

Sasa utauliza: namna gani ugonjwa wa kichwa unaluma katika shingo? Sikiliza vizuri. Uso, macho na kipaji vinapeleka habari za maumivu kwa mushipa mumoja mukubwa wa fahamu. Nyuma ya kichwa na shingo ya juu vinapeleka habari kwa mishipa mingine, inayotoka katika mifupa mitatu ya kwanza ya shingo. Mishipa hii yote inafika mahali pamoja, chini ya bongo, pale uti wa mugongo unapoanza. Ni sawa na nyumba mbili zenye mulango mumoja: mutu akipiga hodi, bongo haijui vizuri ametoka nyumba gani. Kwa hiyo maumivu ya jicho yanaweza kusikilika katika kisogo, na ya shingo yanaweza kusikilika katika jicho. Kwa wengi wenye migrene shingo inaluma wakati wa shambulio, na kwa wengine inatangulia kichwa kwa saa nyingi. Ndiyo maana mugonjwa anasema shingo ndiyo ilileta kichwa. Mara nyingi shingo ni mwanzo wa shambulio lenyewe.

Tazama basi njia ambazo maumivu yanafuata. Wengi wanaumwa upande mumoja, katika kipanda-uso na nyuma ya jicho, leo kuume, mwezi ujao kushoto. Lakini si wachache wanaoumwa pande zote mbili. Usikatae migrene kwa sababu hiyo. Wengine wanaanza katika kisogo, na maumivu yanapita juu ya kichwa mpaka kipaji, ao yanashuka katika bega. Kuna hata wenye kusikia ngozi ya kichwa inaluma, hawawezi kuchana nywele wala kuvaa kaske. Bila dawa shambulio linadumu saa 4 mpaka 72. Wanawake wanaopata ugonjwa huu ni mara mbili ao tatu kuliko wanaume, na kwa wengi unakuja karibu na siku zao za mwezi. Baba, ukimuona mama amefunga dirisha mchana na kulala, usiseme ni uvivu.

Kichwa cha uchovu ni kingine. Kile kinakaza pande mbili kama kamba, hakipigi-pigi, hakitapishi, na mutu anaweza kutembea nacho. Na shingo iliyo mugonjwa yenyewe inajulisha: inazidi ukigeuza kichwa, maumivu yanashuka katika mukono, vidole vinakufa ganzi. Kaske na taa yake, muda wote wa kazi, mutu ameinama chini ya mwamba, vinachokesha misuli ya shingo, sikatai. Mutu mwenye migrene anaweza kuwa na vyote viwili. Kunyoosha mabega na kulegeza kamba ya kaske kunasaidia kidogo.

Lakini sikubali jambo moja: wale wanaokwenda kwa kinyozi ao kwa musugaji wa sokoni ili awazungushie shingo mpaka ilie «ka!» Mushipa wa damu unaopita ndani ya mifupa ya shingo unaweza kupasuka kwa kugeuzwa vile, na mutu anarudi nyumbani upande mumoja wa mwili umelegea. Wembe kwenye kipanda-uso, vilevile, hautoi migrene. Unaweza kuingiza ugonjwa mwingine.

Shambulio linapenda wakati gani? Mutu mwenye migrene amezaliwa na bongo isiyopenda mageuzi. Kutoka posti ya mchana kwenda posti ya usiku ni mageuzi. Kushuka shimoni bila kula ni mageuzi. Kutokunywa maji katika joto, lutuku ya mangaribi, hata kulala sana siku ya mapumziko. Wengi wanashangaa kuumwa siku ya yenga, wakati wamepumzika; ni bongo inalipiza juma lote. Tena kuna jambo la zamani la wenzetu wa baruti. Alfred Nobel, Musuedi aliyepata hati ya dinamite mwaka 1867, yeye mwenyewe aliumwa kichwa kwa sababu ya nitrogliserini. Wafanyakazi walioishika walizoea katikati ya juma, kisha mapumziko yakaondoa mazoea, na siku ya kwanza ya kazi kichwa kikarudi tena. Leo waganga wanajua kwamba dawa ile inaweza kuleta migrene kwa mutu mwenye nayo.

Usichanganye na gazi. Kama kichwa kinawaluma watu wote wa nyumba pamoja, asubuhi, na mbabula ya makala ililala ndani na mulango umefungwa, ile si migrene. Fungua mulango, toa watu nje mbio, na uwapeleke kwa muganga. Chini ya ardhi vilevile: wenzako wawili ao watatu wakianza kuumwa kichwa pamoja kisha baruti kulipuka, tokeni wote, mujulishe kapita. Na homa pamoja na kichwa, katika inchi yetu, inaomba kupimwa malaria siku ile ile.

Kuna vichwa visivyongoja hata kidogo. Kinachokuja kwa gafula kama pigo la nyundo, kikali kuliko vyote ulivyojua. Kichwa na homa na shingo iliyokauka, kidevu hakifiki kifuani. Kichwa na mukono uliolegea, mudomo uliopinda, ao maneno yasiyotoka vizuri. Kichwa kisha kupigwa na jiwe, hata kama kaske haikupasuka. Kichwa kikali cha mama mwenye mimba, pamoja na macho yenye giza. Kichwa kipya kwa mutu aliyepita miaka 50. Hawa wote ni wa hospitali, usiku ao mchana.

Juu ya dawa, wakati una maana kuliko wingi. Kinini inayomezwa mwanzoni inasaidia. Inayomezwa kisha kutapika inabaki tumboni bure. Ibuprofeni, aspirini ao parasetamoli, kwa kipimo ambacho muganga amekupa wewe. Aspirini si ya watoto wala ya mama mwenye mimba asiyeambiwa na muganga. Na hesabu siku: mutu anayemeza dawa hizi siku 15 ao zaidi katika mwezi, mwezi kisha mwezi, dawa yenyewe inakuwa mama wa kichwa. Nimeona watu wenye kinini katika mufuko wa overoli kama peremende. Anayeshambuliwa mara nyingi, muulize daktari dawa ya kila siku inayozuia. Ziko, za bei ndogo, kama propranololi, ambayo haifai kwa mwenye pumu.

Nirudie kwa dereva wangu. Mara ya tano alinipa neno alilonificha. Mara nyingine, mbele ya kichwa, anaona miali inayopinda-pinda kama meno ya musumeno, inakula nusu ya njia, karibu dakika 20. Migrene inaweza kufanya vile. Na yeye alikuwa akiona hivyo juu ya kamio iliyojaa mawe, usiku, katika njia ya kuzunguka shimo. Aliogopa kusema kwa sababu ya cheo na mushahara. Ana watoto sita. Nilimuuliza: «Na yule anayetembea kwa miguu mbele ya kamio yako?» Hakujibu. Kesho yake alikwenda kwa daktari mwenyewe.

Alikaa depo miezi ine, na alinuna miezi ine, nami pia alininunia. Daktari alimupa dawa ya kila siku, na daftari ya kuandika kila shambulio: siku, saa, posti, alikula nini, shingo ilianza lini. Shambulio zilipopungua daktari alimurudisha kwenye kamio, kwa posti ya mchana tu, na amri ya kusimama na kuita kwa redio akiona muali wa kwanza. Daftari ni muke wake anaiandika. Anasema anajua mbele ya bwana wake: akipiga miayo mara tatu mbele ya bukari, mama anamuletea maji na kinini, na watoto wanapeleka muziki wao nje.