SUPACHAJA INAVUJA? TULIA MSHIKAJI, USIIBIWE!

Haya wapenzi wa mwendo, leo tunafungua boneti. Wapo vijana waliojinyima mpaka soda ili wapate Mini Cooper S, ile ya supachaja iliyotengenezwa hadi 2006. Wakafunga puli ndogo, wakatia eksozi ya kelele, wikiendi ni kutanua tu. Bomba! Kasheshe inaanza siku oili inaporuka chini ya boneti. Fundi anatikisa kichwa: "Hii imekufa, tafuta nyingine." Bei anayotaja inaweza kukuliza mbele ya demu.

Subiri kwanza. Supachaja ni pampu ya hewa tu. Asili yake ni mashine ya ndugu wawili wa Marekani, akina Roots, waliyoipatia hataza mwaka 1860, kabla dunia haijaona gari la petroli. Ndani mna rota mbili zinazozungushwa na mkanda wa injini. Hewa inasukumwa kwa nguvu, gari inachomoka.

Sasa hapa ndipo wengi wanapigwa changa la macho. Supachaja ya Mini, aina ya Eaton, hainywi oili ya injini kama turbo. Ina oili yake kidogo, imefungiwa kwenye gia za mbele na nyuma. Kwa hiyo ukikuta oili imejaa kwenye mipira ya hewa, usiilaumu supachaja haraka hivyo. Mara nyingi imeletwa na mpira ule ambao injini inapumulia. Futa kote, endesha siku mbili tatu, chungulia tena.

Oili ikionekana nyuma ya puli, imerushwa kwa duara, hapo sawa, sili ya mbele imechoka. Mkanda ukilowa unateleza, nguvu zinakwisha. Mwambie fundi atoe mkanda, azungushe puli kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, na beringi nazo zimekwenda. Ikizunguka laini, unabadilisha sili na oili, basi.

Kama hakuna oili ila ukikanyaga unasikia mluzi na gari haivuti, ni hewa inayovuja. Paka povu la sabuni kwenye maungio, tia hewa kidogo ya kompresa, utaona mapovu yenyewe. Lakini kidogo jamani, siyo kama unajaza tairi la Scania!

Halafu hiyo puli ndogo. Ikipungua kwa asilimia 15, rota zinakimbia zaidi na joto linapanda. Sili na beringi ndizo zinazolipa, na muuzaji wa puli hakwambii hilo.

La kuogopa zaidi liko nyuma. Kwenye Mini hii, gia ya nyuma ya supachaja ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Oili ikiisha, meno yanalika, pampu inasimama, injini inachemka. Hapo huongelei sili tena, unaongelea silinda hedi.

Ukiamua kununua ya mtumba, ikague hiyo gia ya nyuma kabla hujatoa hela. Na oili ibadilishwe ikiwa bado juu ya meza, tena ile maalumu ya supachaja, siyo ya injini wala ya giaboksi. Ikishafungwa, kuifikia tena ni mpaka uvute mbele yote ya gari, bampa na rejeta.