Panya Aliyekaribia Kuinyima Tiba Nafasi

Kichefuchefu kinachowapata wagonjwa wanaopewa tibakemikali ya saratani husababishwa kwa sehemu na Dutu P, neuropeptidi yenye asidi amino 11, inapokishika kipokezi kiitwacho NK1 katika ubongo. Jeni ya kipokezi hicho ilitengwa na kunakiliwa maabarani kutoka kwa panya mwaka 1989, na ya binadamu mwaka 1991. Katika asidi amino 407 za kila kipokezi, 22 tu ndizo zinazotofautiana, na Dutu P yenyewe huvishika vyote viwili kwa nguvu inayokaribiana.

Hata hivyo, dawa ya majaribio CP-96,345, iliyokiziba barabara kipokezi cha binadamu na cha sungura, ilikuwa dhaifu mno kwa panya. Watafiti walipobadilisha asidi amino mbili tu za kipokezi cha panya, zilizo katika nafasi ya 116 na ya 290, zikawa kama za binadamu, dawa ilikishika vilevile. Kumbe panya peke yake angeweza kuifanya dawa nzuri ionekane haifai! Isitoshe, panya hatapiki. Majaribio ya kutapika yalihitaji mnyama mwingine, feret. Mwaka 2003 aprepitanti, inayoziba NK1, iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa hao.