Chaja ya Gari la Gofu Ikigoma, Anza na Betri
(Sehemu ya Pili)

WIKI iliyopita tulieleza jinsi betri sita za volti 6 zinavyoungwa mfululizo ndani ya gari la gofu hadi zikatoa volti 36. Leo tunaingia kwenye lalamiko ambalo mafundi wa magari haya wamelizoea, iwe uwanjani au hotelini: "Chaja imekufa." Kabla ya kukubali msiba huo, tupime.

Chaja nyingi za kujiendesha zenyewe, zile nzito zenye transfoma, haziwaki mpaka zihisi umeme wa betri. Rilei ya ndani huvutwa na betri, si na soketi ya ukutani. Gari likiegeshwa wiki kadhaa bila moto, volti hushuka chini ya kiwango kinachohitajika, na hata chaja mpya itakaa kimya.

Kwa hiyo mita ianzie garini. Vua saa na pete, vaa miwani ya kinga, fungua madirisha. Betri zinazochajiwa hutoa haidrojeni, nayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Betri sita zilizojaa na kupumzika husoma jumla ya volti 38 na kidogo. Zilizoisha husoma karibu 35. Kisha pima moja moja. Moja ikisoma volti 4 huku wenzake wakisoma 6, seli yake moja imekufa. Betri hiyo ndiyo inayofanya chaja isizimike usiku kucha: volti za jumla hazipandi kufikia kikomo, na zile nzima zinaendelea kuchemka hadi maji yanakauka.

Zikiwa zote zimeshuka kwa usawa, chaja ya kawaida ya gari ya volti 12 inatosha kuziamsha. Zima gari, chomoa chaja kubwa, kisha chaji betri mbili mbili kwa saa chache. Jumla ikishapanda, chaja yenyewe itaitambua.

Betri zikiwa salama, sasa sikiliza chaja. Ikiwa hakuna mlio wowote, kagua soketi, waya wa umeme, halafu rilei. Ikinguruma lakini mshale wa ampea haunyanyuki, transfoma inafanya kazi ila umeme hautoki: tazama fyuzi, plagi iliyoungua na nyaya zilizolegea. Mshale ukisimama kwenye nusu ya ampea za kawaida na gari halimalizi siku, shuku dayodi. Chaja hizi huwa na dayodi mbili, na moja ikikatika, nusu ya umeme hupotea. Fyuzi inayokatika kila ukiiweka huashiria dayodi iliyopiga shoti, au betri zilizofungwa kinyume, chanya mahali pa hasi.

Dayodi hupimwa chaja ikiwa imechomolewa ukutani na kwenye gari. Tahadhari na kapasita, kwani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Ipunguze nguvu kwa kipinga umeme kabla mkono haujaingia. Tenganisha waya mmoja wa dayodi, kisha weka mita kwenye alama yake. Iliyo nzima hupitisha upande mmoja, ikionyesha takriban volti 0.5, na hukataa upande wa pili. Ikipitisha kote au ikikataa kote, ibadilishe.

Kuna kosa jingine linalowakuta wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Marekani. Umeme wa huko ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 230 au 240 na mizunguko 50. Transfoma ya kushusha hurekebisha volti tu, mizunguko hubaki ileile. Ndani ya chaja ya aina hii, transfoma na kapasita vimelinganishwa kwa mizunguko 60. Ukiilisha 50, ampea hupungua na chuma cha transfoma hupata joto kupita kiasi. Hapo hakuna kifaa kilichoharibika cha kubadilisha. Soma kibati cha chaja, na kama hakitaji 50, tafuta chaja nyingine.

Bei ya chaja ni kubwa, ya mita ni ndogo. Fundi akikuambia ununue chaja mpya kabla hajagusa betri hata moja, mwombe kwanza akuandikie volti za zote sita kwenye karatasi.

Wiki ijayo: maji ya betri, lini yaongezwe na kwa nini si ya bomba.